Ritifaa ya Mwenye Mali

Jalada la riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999 lina alama ndogo isiyotamkwa. Imekaa baina ya herufi mbili za neno la pili: Vuta N'kuvute. Msomaji wa pwani hana haja ya kufasiriwa. Anajua kwamba hapo palikuwa na irabu, na kwamba ulimi umeimeza kama unavyoimeza kila siku sokoni na barazani. Abdilatif Abdalla alikwisha kuliandika vivyo hivyo neno hilo katika anwani ya shairi lake la mnazi, ndani ya Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, na diwani hiyo hiyo ina shairi jingine lenye alama hiyo tangu mwanzo wa anwani yake, "N'shishiyelo ni Lilo". Irabu imekwenda, mizani imebaki. Maana ile n, ikishaachwa peke yake, husimama ikawa silabi kamili. Ritifaa kwa mshairi ni kiti kilichowekwa mahali pa aliyenyanyuka, ili wengine wajue kwamba pana mtu wake.

Neno ritifaa tumelipokea kutoka kwenye Kiarabu, lenye maana ya kuinuka, na kwa hakika alama yenyewe huandikwa juu ya mstari. Wayunani waliipa jina la kugeuka upande. Wachapaji wa Italia na Ufaransa wa karne ya 16 ndio walioieneza katika vitabu vya Ulaya, na kazi waliyoipa ilikuwa ni ile ile ya washairi wa Mvita na Unguja: kuonyesha irabu iliyomezwa. (Ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo ni jambo jingine. Hapo hapana kilichomezwa. Sauti tu inatengwa na ile ya ngoma. Iwekwe kando.)

Ni Waingereza walioipa kazi ya pili, nayo ndiyo iliyoipeleka mpaka jikoni. Zamani umiliki katika lugha yao ulionyeshwa, kwa majina mengi, kwa kiambishi cha es mwishoni mwa jina la mwenye mali. Irabu ya kiambishi hicho ikafifia katika matamshi, ikaondolewa katika maandishi, na pengo lake likawekewa ritifaa. Kufikia karne ya 18 watu walikwisha sahau habari ya irabu. Wakaiona alama yenyewe kuwa ndiyo umiliki. Tangu hapo mtu mwenye jina na kitu cha kuuza hakuhitaji zaidi ya ritifaa na herufi moja ili aseme: hiki ni changu.

Leo makasha na makopo ya dunia nzima yamejaa alama hiyo. Kellogg's, Hellmann's, Campbell's, Hershey's, Levi's: yote ni majina ya watu waliopata kuishi, kila moja limefungwa kwa ritifaa, na kila moja limeacha sentensi bila ya kuimaliza. Kellogg's, nini? Mwingereza haoni upungufu. Mswahili atauona mara moja akijaribu kuifasiri lebo hiyo, kwa sababu itambidi achague: ya Kellogg, cha Kellogg, la Kellogg au wa Kellogg? Umiliki wa Kiswahili huanzia kwenye mali. Ni kitu kinachomilikiwa ndicho kinachotoa ngeli, na mwenyewe hufuata nyuma. Kiingereza kimemtanguliza mwenyewe, na kwenye lebo kinaweza kuiacha mali isitajwe kabisa. Hii si hila ya wafanyabiashara peke yao. Lugha yao iliwaruhusu. Lakini wafanyabiashara waliipokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili, kwani jina lisilotaja kitu linaweza kuuza kitu chochote.

Kisa cha Kellogg kinastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana kinaonyesha jinsi alama hii ilivyo dhaifu. Walikuwa ndugu wawili katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani. Mkubwa, John Harvey, alikuwa tabibu mashuhuri na msimamizi wa nyumba ya afya. Mdogo, Will Keith, alikuwa mtumishi wake kwa miaka mingi, mwenye kushika daftari na kupokea amri. Chakula cha nafaka iliyobanwa ikaokwa kilizaliwa mikononi mwao wote wawili, na ni nani hasa aliyekivumbua ni jambo ambalo ndugu hao hawakuafikiana mpaka kufa. Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake. Daktari naye akauza vyakula kwa jina la ukoo. Wakapelekana mahakamani, na mwaka 1920 mahakama kuu ya Michigan ikamhukumia mdogo.

Ugomvi ule hakuna ritifaa ambayo ingeuamua. Alama inasema mali ni ya Kellogg. Haisemi Kellogg yupi. Kwa desturi za pwani jina la namna hiyo halijatimia. Mtu huulizwa bin nani, na mara nyingine huulizwa mara mbili tatu, mpaka ijulikane ametokea mlango gani wa ukoo. Will hakuwa na bin ya kujitofautisha na ndugu yake, waliokuwa wa baba mmoja, na kwa hiyo alichukua njia nyingine: alichapisha saini yake juu ya kila kasha na kuwatahadharisha wanunuzi kwamba lisilo na saini si lake. Maandishi mekundu yaliyopinda, ambayo watoto wa mabara yote wameyaona mezani, asili yake ni hati ya mkono wa mtu aliyekuwa akimkataa ndugu yake.

Na saini hiyo leo ni ya nani? Mwaka 2023 kampuni iligawanywa mapande mawili, na lile pande la nafaka za asubuhi za Amerika ya Kaskazini likanunuliwa mwaka 2025 na Ferrero, kampuni ya ukoo mwingine, wa Kitaliano. Ritifaa haikutikisika.

Mfano wa pili ni wa kinywaji ambacho wasomaji wengi wa visiwa hivi hawakionji, wala hapana haja ya kukionja ili lebo yake isomwe. Chupa za Jack Daniel's zina ritifaa ambayo wengi huiruka wakidhani kwamba mtu yule aliitwa Daniels. Hakuitwa hivyo. Alikuwa Jasper Newton Daniel, mtu wa Lynchburg katika jimbo la Tennessee, na s iliyo mwisho wa jina lake si yake. Ni ya umiliki. Hapa alama inafanya kazi yake barabara: inatenga jina na dai. Daniel hakuacha mtoto. Kiwanda kilikwenda kwa mpwa wake, Lem Motlow, na mwaka 1956 jamaa za Motlow wakakiuza kwa kampuni ya Brown-Forman. Hadi hapo ni hadithi ya kawaida: mwenye jina amekufa mwaka 1911, mali imeuzwa, alama imebaki.

Lakini mwaka 2016 kampuni hiyo ilisimama hadharani ikakiri jambo ambalo watu wa Lynchburg walikuwa wakihadithiana. Daniel alipokuwa kijana mdogo katika shamba la mhubiri mmoja, Dan Call, aliyemfundisha kazi ya kutonesha alikuwa mtumwa, Nathan Green, aliyejulikana kwa jina la Nearest. Baada ya utumwa kukomeshwa, Green huyo huyo ndiye aliyekuwa mtoneshaji mkuu wa kwanza wa Daniel. Vizazi vyake viliendelea kufanya kazi katika kiwanda hicho. Miaka 150 ilipita, na katika muda wote huo lebo ilisema kweli na ikaficha kweli kwa wakati mmoja. Mali ilikuwa ya Daniel, hilo halina shaka. Ujuzi ulikuwa wa Green, na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mali ya mwingine hakuwa na pa kubandika ritifaa yake.

Hapa ndipo alama hii inapostahili kushitakiwa. Sarufi inafundisha kwamba inaonyesha umiliki, na wanunuzi wameifanya kuwa ushahidi wa utengenezaji. Mtu anapoona jina la ukoo na ritifaa juu ya mkebe, moyo wake humwambia kwamba jikoni kuna mzee mwenye jina hilo, ameshika mwiko, anaonja chumvi. Lugha haikumwambia hivyo. Lugha ilimwambia tu ni nani anayepokea fedha, au aliyekuwa akizipokea.

Na pakiwa hapana mzee kabisa? Mchele wa Uncle Ben's uliingia masokoni Marekani katika miaka ya 1940, kutoka Houston, Texas. Kampuni ilisimulia kwamba Ben alikuwa mkulima Mweusi wa Texas aliyesifika kwa mpunga wake. Uso uliochapishwa kwenye kasha haukuwa wa mkulima huyo. Ulikuwa wa Frank Brown, mhudumu mkuu wa mkahawa mmoja wa Chicago, ambaye alikubali kupigwa picha. Basi lebo moja ilikuwa na jina la mtu mmoja, uso wa mtu wa pili na mali ya mtu wa tatu, na kilichowashona pamoja ni ritifaa. Ben hakumiliki punje.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kutahadhari na lile neno la kwanza pia. Unguja au Lamu, mtu kumwita mzee asiye wa damu yake ami au mjomba ni kumpa heshima na kumuingiza katika ukoo. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, Mzungu alimwita mzee Mweusi "Uncle" ili asilazimike kumwita Bwana. Neno la udugu lilitumika kumfungia mtu mlango wa heshima. Watu wa Marekani walilisema hilo miaka mingi kabla ya kampuni kulisikia. Mwezi wa Septemba 2020 ikatangaza kwamba jina litabadilika kuwa Ben's Original, na picha itaondolewa.

Wengi walipongeza. Anayesoma lebo kama asomavyo shairi atakuwa na la kuuliza. Katika maandishi yale ya zamani, uso ndio uliokuwa wa kweli: Frank Brown alikuwapo, alifanya kazi, alitazama kamera. Umiliki ndio uliokuwa wa uongo. Marekebisho ya mwaka 2020 yameondoa uso na yameacha umiliki. Ben bado ana ritifaa yake, na bado hana mchele. Iliyorekebishwa ni adabu, na adabu si kitu kidogo, hesabu haikurekebishwa.

Upande wa maduka mambo ni mepesi zaidi, na kelele zimekuwa kubwa zaidi. Mwezi Januari 2012 maduka ya vitabu ya Waterstone's ya Uingereza yaliamua kuandikwa Waterstones. Msimamizi wao alieleza kwamba alama ile inasumbua katika anwani za intaneti na za barua pepe. Chama kilichokuwa kikiitetea ritifaa nchini humo, kilichoanzishwa mwaka 2001, kilinung'unika, na magazeti yakaandika kana kwamba nguzo ya lugha imekatwa. Hoja ya intaneti ni hoja ya fundi wa mitambo, haina uzuri wowote. Lakini uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki kuliko waliouamua walivyojua. Tim Waterstone alifungua duka la kwanza mwaka 1982, na kufikia 2012 maduka hayakuwa yake kwa miaka mingi. Kuiondoa alama kulikuwa ni kukiri.

Kanada walikiri kwa kulazimishwa. Tim Horton, mchezaji wa magongo ya barafuni, alifungua duka lake la kahawa na maandazi mwaka 1964 katika mji wa Hamilton, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1974. Jimbo la Quebec lilipopitisha sheria ya lugha ya Kifaransa mwaka 1977, ritifaa ya umiliki ikahesabiwa kuwa ni Kiingereza, na kampuni ikaona heri jina liwe moja nchi nzima: Tim Hortons. Serikali ikiiogopa alama ndogo kiasi hicho, ni kwa sababu imeuona uzito wake.

Kuna tofauti ambayo Kiingereza kimeificha na Kiswahili kinaiona. Jina la duka lenye ritifaa halisemi "ya", linasema "kwa". Mwingereza akisema anakwenda Waterstone's, anasema anakwenda kwa Waterstone. Na "kwa" ni neno la mahali, lisilo na ubahili. Dar es Salaam kuna mtaa mzima unaoitwa Kwa Aziz Ali. Mabasi husimama hapo, vijana hushuka ambao hawakupata kumjua mzee huyo wala hawajui alikuwa nani, na hakuna anayedhani kwamba nauli inakwenda kwa warithi wake. "Kwa" humkumbuka mtu bila kumdai mtu mwingine kitu. Lebo ya bidhaa haina ukarimu huo. Lebo ni "ya".

Pwani nayo imekuwa na "ya" yake, tena iliyopigwa chapa kwenye mali yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, aliuza kanga zilizotambulikana kwa alama ya K.H.E. na maneno matatu: Mali ya Abdulla. Huyo ndiye anayetajwa kuwa alianzisha desturi ya kuandika misemo kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Wakosoaji wa mashairi wameandika mengi juu ya misemo hiyo. Ile alama ya ukingoni haikuangaliwa vya kutosha, ingawa ni maandishi safi kabisa.

Maneno matatu, na hayana pengo. Kitu kimetajwa: ni mali. Haikusemwa kazi, wala ufundi, wala utungo. Abdulla hakudai kwamba alifuma nguo wala kwamba alichora mji na pindo. Kanga za zama zile zilichapishwa ng'ambo, India na Ulaya na baadaye Japani, na wanunuzi wake walilijua hilo. Alidai kile alichokuwa nacho. Mtu akiliweka dai hilo kando ya Kellogg's ataona tofauti ya tabia: moja linamaliza sentensi yake, jingine linamwachia mnunuzi aimalizie kwa mapenzi yake. Na angalia mpango wa maandishi. Kwenye kasha la nafaka jina la mwenye mali ndilo lililojaa uso. Kwenye kanga jina la mwenye mali limekaa ukingoni kwa herufi ndogo, na maneno makubwa ya chini ya mji, yale yanayosomwa kutoka ng'ambo ya njia, ni msemo. Tena msemo huo wanawake wa pwani huuita jina. Jina la kanga ni ule mstari wake, halikuwa la tajiri.

Hata hivyo sifa hizi zisipite mpaka. Ule mstari ni wa nani? Aliyeuza ametajwa. Aliyevaa anajulikana mtaani kwake, na aliyelengwa anajulikana zaidi. Aliyetunga hayumo. Baadhi ya misemo ni methali zisizo na mwenyewe, lakini mingine mingi ina mkono ndani yake: mizani iliyopimwa, kinaya kilichokusudiwa, neno lililogeuzwa makusudi ili liume. Mtu fulani aliyatunga hayo, na aghalabu alikuwa mwanamke, na lebo ya pwani ilimtendea kama lebo ya Tennessee ilivyomtendea Nearest Green. Ilisema kweli juu ya mali ikanyamaza juu ya ujuzi. Ukamilifu wa "Mali ya Abdulla" haumfuti mtu huyo. Ni kwamba tu haumkusudii.

Utenzi na shairi vilijikinga na jambo hili mapema. Mtungaji wa pwani hujitaja katika ubeti wa mwisho, jina na pengine mji, na jina hilo hulifunga ndani ya vina. Anayetaka kuliondoa itambidi avunje kazi yote, na masikio yatamshitaki. Hii ni ritifaa ya namna nyingine, isiyobandikwa nje na isiyouzika. Asiyejitaja hutegemea wengine: Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840, na kitabu kiitwacho Diwani ya Muyaka kilitoka mwaka 1940, kutokana na hati zilizohifadhiwa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor na kuhaririwa na William Hichens. Ile "ya" ya jaladani hakuiandika Muyaka. Iliandikwa na watu waliokuwa wakiuliza swali sahihi, ni nani aliyeyasema haya, na waliouliza wakati ambapo bado walikuwapo waliohifadhi kwa moyo.

Kwa kanga hakuna aliyeuliza. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yamekusanya kanga nyingi, na hapa nyumbani masanduku ya kina bibi yamezihifadhi nyingi zaidi, zimekunjwa doti kwa doti na kutiwa udi. Ukifunguliwa mmoja wa zile za zamani za Mombasa, husomeka K.H.E., husomeka Abdulla, husomeka msemo wote kuanzia herufi ya kwanza. Msemo wa kanga una mstari mmoja tu, na kazi ya mstari mmoja haina ubeti wa mwisho.